Sikio Limealikwa, Ulimi Umebaki Nje

Siku hizi vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Amerika vimefungua milango yao kwa namna mpya. Masomo juu ya lugha, historia, filosofia na uandishi, ambayo zamani yalisikilizwa na watu wachache katika chumba kimoja, sasa yanawekwa kwenye intaneti kwa sauti na kwa picha. Mwenye telefone anaweza kuyasikiliza akiwa Likasi, Kalemie, Kindu au Uvira. Haulizwi diploma. Haandikishi jina. Halipi ada. Jambo hili ni kubwa, nasi yatupasa kulipima kwa akili, tusilisifu ovyo wala tusilidharau.

Lakini hakuna awezaye kupima masomo yote ya dunia katika makala moja. Basi tumechagua kazi moja tu: masomo ambayo Alain Mabanckou, mwandishi mzaliwa wa Pointe-Noire, aliyafundisha mwaka 2016 katika Collège de France, mjini Paris. Tumeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliyeyatoa ni mwana wa Kongo, ile ya ng'ambo ya mto. Pili, yanasema juu yetu: juu ya maandiko ya watu weusi, juu ya vita, juu ya watoto waliopewa bunduki, juu ya mauaji ya Rwanda. Mtu akisemwa, yafaa asikilize. Tena yafaa aulize: je, mimi nami nina pahali pa kusema?

Nyumba yenyewe

Wasomaji wengine watauliza: hiyo Collège de France ni nini? Si universite kama zile tunazozijua. Ilianzishwa mwaka 1530 na mfalme François wa Kwanza, kwa kuombwa na mtaalamu Guillaume Budé. Mfalme aliweka walimu wake mwenyewe wafundishe mambo ambayo universite ya Paris haikuyapa nafasi wakati ule: Kiebrania, Kigiriki na hesabu. Mateolojia wa Sorbonne walinung'unika. Waliogopa kwamba watu wakianza kusoma Maandiko Matakatifu katika lugha zake za asili bila wao kusimamia, imani itaharibika. Imani haikuharibika kwa Kigiriki wala kwa Kiebrania. Leo kila seminari yetu yafurahi ikipata padri anayezijua lugha hizo. Tunalikumbusha jambo hilo ili mtu yeyote kati yetu asiogope elimu kwa sababu tu inatoka pahali pasipo pa kawaida.

Tangu mwanzo nyumba ile imeshika desturi yake. Haitoi diploma. Haina mtihani. Kila anayetaka huingia, hukaa, husikiliza, hutoka. Profesa akistaafu, walimu wenzake wanaweza kugeuza kiti chake kiwe cha elimu nyingine kabisa. Neno lake la Kilatini lasema kwamba inafundisha yote. Na tangu ilipoanza kuweka masomo yake kwenye intaneti, desturi ile ya mlango wazi imevuka kuta za Paris na kufika hata kwetu.

Mabanckou aliitwa pale kwa mwaka 2015–2016, katika kiti cha uumbaji wa sanaa, kinachopewa mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Somo lake la kufungulia lilikuwa tarehe 17 Machi 2016. Mwaka 2020 masomo yale yalitolewa Paris kama kitabu, jina lake Huit leçons sur l'Afrique, yaani masomo manane juu ya Afrika. Lakini sauti na picha zimebaki wazi kwa kila mtu, na hizo ndizo tunazozisema hapa.

Yaliyo mazuri

Tuanze na sifa, maana zipo, na si kidogo.

Sifa ya kwanza ni uvumilivu. Vijana wetu wamezoea telefone inayowapa maneno ya dakika moja: mtu anapiga kelele, anatukana, anacheka, kisha anakuja mwingine. Hapa mtu mmoja anasimama na kufuata wazo moja kwa muda wa saa nzima, hatua kwa hatua. Anataja mwandishi, anasema alizaliwa wapi, aliandika nini, nani alimpinga na kwa sababu gani. Kumsikiliza mtu wa namna hiyo ni mazoezi ya akili, kama vile kupanda mlima ni mazoezi ya miguu. Kijana akiweza kukaa saa nzima na wazo moja bila kugusa kitu kingine, amekwisha kufaidi, hata kama mengine atayasahau.

Sifa ya pili ni upana wa mambo. Mafundisho yale yanapita juu ya wenye kutangaza uweusi, yaani Senghor, Césaire na Damas, na juu ya waliokuja nyuma yao. Yanahoji namna vitabu vya Waafrika vinavyochapwa Ufaransa, na nani anachagua kipi kichapwe. Yanasema juu ya fasihi ya taifa na udanganyifu wa wanasiasa. Hilo si jambo la kujipendekeza kwa wakubwa, wala Mabanckou si mtu wa kujipendekeza. Mwaka 2018 Rais wa Ufaransa alipomtaka asaidie kufikiri juu ya mpango wa lugha ya Kifaransa duniani, alikataa kwa barua iliyosomwa na wote.

Sifa ya tatu: mlango ule haukufungwa baada yake. Tarehe 2 Mei mwaka ule ule wa 2016 aliwaita wenzake katika mkutano wa siku moja, juu ya kuifikiri na kuiandika Afrika leo. Alikuwapo Achille Mbembe wa Kameruni, alikuwapo Souleymane Bachir Diagne wa Senegal. Na mwaka 2019 François-Xavier Fauvelle alifungua katika nyumba ile ile kiti cha historia na mambo ya kale ya Afrika, si cha mwaka mmoja, bali cha kudumu. Tangu 1530 hadi 2019 ni karibu miaka mia tano. Wamekawia, lakini wamefika.

Tukumbuke pia kwamba njia hii ilikatwa na wengine kabla. Mwezi wa Septemba 1956, waandishi na wasanii weusi walikutana Sorbonne kwa mara ya kwanza, walioitwa na Alioune Diop wa gazeti la Présence Africaine, mkristu mkatoliki. Mwaka ule ule mapadri weusi walitoa kitabu chao cha kujiuliza maswali juu ya imani na mila. Kati yao alikuwamo Padri Vincent Mulago wa kwetu Bukavu na Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Basi sauti ya mtu mweusi katika ukumbi wa Paris si jambo jipya. Jambo jipya ni kwamba sasa sisi tuliobaki nyumbani tunaweza kuisikia.

Giza la nani?

Sasa tuseme yasiyotutosha.

Somo la kufungulia lina jina hili: Lettres noires: des ténèbres à la lumière. Kwa lugha yetu tungesema: Maandiko meusi, toka gizani hadi mwangani. Tunaelewa nia ya mwandishi. Wazungu wengi waliandika juu ya Afrika kama nchi ya giza, na hasa juu ya mto wetu. Mabanckou anataka kuonyesha jinsi watu weusi wenyewe walivyoshika kalamu, wakakataa kusemewa na wengine. Historia hiyo ni ya kweli. Mwaka 1921 René Maran alipata tuzo ya Goncourt kwa riwaya yake Batouala, na ulikuwa mshtuko mkubwa kwa Wafaransa kuona mtu mweusi akiwaeleza makosa ya ukoloni kwa Kifaransa safi.

Lakini mtu anayesoma Kiswahili atauliza: giza la nani? Mwaka 1728, kule Pate, Utendi wa Tambuka ulikuwa umekwisha kuandikwa, kwa lugha ya Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, beti zaidi ya elfu moja. Hakuna mtu wa Paris aliyewasha taa ile. Tena Padri Kagame, tuliyemtaja sasa hivi, alitunga shairi lake kubwa juu ya uumbaji kwa Kinyarwanda kwanza, ndipo akaligeuza mwenyewe kwa Kifaransa. Alianza nyumbani, akaenda ugenini. Tukisema kwamba mwanga umeanza pale mtu mweusi alipoandika Kifaransa na kuchapwa Paris, tumewaacha gizani watu ambao hawakuwa gizani.

Tumpe Mabanckou haki yake: hakusema kwamba atafundisha maandiko yote ya Afrika. Majina ya masomo yake yanataja wazi Afrika nyeusi inayotumia Kifaransa. Mpaka ameuweka mwenyewe, na mtu hahukumiwi kwa shamba ambalo hakuahidi kulilima. Lakini mpaka ule unayo matokeo, na msikilizaji wa kwetu anayagusa kwa mkono. Tutoe mfano mmoja.

Kuna somo juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na watoto askari katika fasihi ya Afrika nyeusi. Jambo hilo limeandikwa na mabingwa: Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire mwaka 2000, Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville mwaka 2002. Kifaransa kinasema enfant soldat. Maneno mawili yamewekwa pamoja, mtoto na askari, na msikilizaji anashtuka kwa kuwa hayapatani. Sisi hatusemi hivyo. Toka vita vya 1996 na 1997, tunasema kadogo. Neno lile halina bunduki ndani yake. Ni neno la mama: kadogo kangu, kadogo kalala, kadogo kala. Ndilo neno lililotumika kwa watoto waliotembea kwa miguu toka mashariki hadi Kinshasa wakiwa wamebeba silaha zilizowazidi urefu. Neno la mapenzi limevalishwa nguo za askari, nasi tumelizoea mpaka hatushtuki tena. Je, si hapo hasa penye jambo la kufikiri? Fasihi ingeweza kuanza na neno lile moja. Wasikilizaji wa Paris hawawezi kulisikia kama sisi, na profesa, kwa mpaka aliojiwekea, hana sababu ya kulitaja. Anayelijua ni mama wa Uvira. Lakini mama wa Uvira hakuulizwa.

Katika mkutano wa Mei, Souleymane Bachir Diagne alisema juu ya kufikiri toka lugha moja kwenda nyingine. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lililofaa kuwa mlango wa masomo yote. Mwandishi Boubacar Boris Diop wa Senegal ni shahidi mzuri. Mwaka 1998 alikwenda Rwanda pamoja na waandishi wengine wa Afrika kuona mabaki ya mauaji. Mwaka 2000 alitoa riwaya yake Murambi kwa Kifaransa. Na mwaka 2003 alitoa riwaya nyingine, Doomi Golo, si kwa Kifaransa tena bali kwa Kiwolof, lugha ya mama yake. Mtu aliyeona mifupa ya Murambi akarudi kwenye lugha ya nyumbani: huo nao ni ukurasa wa maandiko meusi, na si ukurasa mdogo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo

Haya yote yangekuwa madogo kama msikilizaji angeweza kuinua mkono. Hapa ndipo penye kovu la jambo lenyewe.

Desturi ya Collège de France ni kwamba profesa husema na watu husikiliza. Desturi hiyo imewaumiza hata walimu wake. Michel Foucault alifundisha pale toka 1970 hadi alipofariki mwaka 1984. Watu walijaa mpaka wakakosa viti, wakaweka mashine za kaseti mbele yake wazichukue sauti yake. Mwaka 1976 alisogeza saa ya somo ikawa asubuhi, akitumaini wengi watapungua apate kusemezana na waliobaki. Alilalamika kwamba anasema peke yake, na mwisho wa saa hapati neno la kumrudisha njiani kama amepotea. Kaseti zile baadaye zimegeuka vitabu, toka mwaka 1997. Hivyo kila alichosema kimehifadhiwa. Ambacho wangemjibu hakikuhifadhiwa, kwa kuwa hakikusemwa.

Kama hali ilikuwa hivyo kwa mtu aliyekaa hatua kumi mbele ya profesa, itakuwaje kwa aliye Bukavu na telefone yake? Amenunua mega kwa franka chache alizo nazo, umeme umekatika, anasikiliza kwa sikio moja huku akihesabu kiasi kilichobaki. Anasikia somo la kuandika baada ya mauaji ya Rwanda. Mtu huyo si mgeni wa habari hiyo. Mwaka 1994 aliona mamia ya maelfu ya watu wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Tarehe 29 Oktoba 1996, katika mji wake, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa njiani, baada ya kuomba kwa sauti kubwa, tena na tena, kwamba raia wasiuawe. Hatutaji hayo ili kupunguza hata chembe uzito wa mauaji ya Watutsi ya 1994. Damu ile ililia mbele ya Mungu, na atakayeipima kwa damu nyingine ili aifanye nyepesi atajibu mbele yake. Tunayataja kwa sababu msikilizaji wa Bukavu anajua kitu, na anachokijua hakina pa kuwekwa. Somo linampita juu ya kichwa kama ndege: analiona, analisikia, wala halitui kwake.

Basi tuseme wazi: sikio limealikwa, ulimi umebaki nje. Nalo si jambo dogo, maana mtu anayesikiliza miaka mingi bila kujibu huanza kuamini kwamba hana jibu. Anajua majina ya waandishi wote wanaosomwa Paris. Ukimwuliza juu ya maneno ya babu yake, anacheka kwa haya. Elimu ya namna hiyo inamfanya mtu mgeni katika habari zake mwenyewe. Hatari hiyo ndiyo inayotusukuma kuandika.

Mifano miwili ya kwetu

Wengine watasema: hiyo ndiyo desturi ya universite, mwalimu hufundisha na mwanafunzi hunyamaza. Si kweli, na ushahidi uko hapa hapa Kongo.

Tarehe 29 Januari 1960, katika Universite ya Lovanium, Kitivo cha Teolojia kiliwakutanisha watu wawili. Mmoja alikuwa Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji, mkuu wa kitivo. Wa pili alikuwa Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi. Swali lilikuwa hili: je, inaweza kuwapo teolojia yenye rangi ya Afrika? Tshibangu alisema ndiyo. Mkuu wake alisema kwanza iwe teolojia ya kweli, ya watu wote. Hapakuwa na matusi. Hapakuwa na kupiga magoti pia. Mwanafunzi alimjibu mwalimu wake kwa hoja, mwalimu akamjibu mwanafunzi kwa hoja, na maneno ya wote wawili yakachapwa ili mapadri wa nchi nzima wayasome. Miezi mitano baadaye Kongo ilipata uhuru. Tshibangu alikuja kuwa askofu, naye Vanneste aliendelea kuheshimiwa. Na swali lao bado linafundishwa katika seminari za Afrika. Jiulizeni: kama siku ile Vanneste angesema peke yake, na Tshibangu angeandika tu katika daftari lake, leo tungekumbuka nini? Kilichodumu ni mabishano yenyewe.

Mfano wa pili ni wa watu wasiowahi kukanyaga universite. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, uliokuwa bado unaitwa Élisabethville, André Yav na wenzake waliandika historia ya mji wao. Walikuwa wameshinda maisha yao wakipika, wakifua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu. Waliandika kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha soko na cha uani, wala hawakujali sarufi ya vitabu. Andiko lao linajulikana kama Vocabulaire ya Élisabethville. Ndani yake walieleza namna mji ulivyoanza, mfalme Msiri, Wabelgiji, kazi za machimbo, na namna boyi alivyomwona bwana wake akiwa jikoni au mezani. Hawakungoja kualikwa. Hawakumwomba profesa yeyote awape neno. Waliandika ili watoto wao wajue.

Ikawaje? Mtaalamu Johannes Fabian alilipata andiko lile, akalitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Kisha likawekwa kwenye intaneti katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, iliyofunguliwa katika Universite ya Amsterdam. Humo mna pia mazungumzo yaliyonaswa Katanga, yakaandikwa neno kwa neno, Kiswahili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Hivyo leo mtu wa Uholanzi anaweza kumsoma mpishi wa Lubumbashi. Tazameni tofauti: katika kazi ya Paris, Afrika inasemwa vizuri na mtoto wake mwenye elimu kubwa. Katika kazi ya Amsterdam, Afrika inasema yenyewe, kwa kigugumizi chake na kwa utamu wake, na profesa ndiye anayehangaika kuielewa. Hatusemi ya pili ni bora kwa kila jambo. Hata hapo aliyechagua, aliyetafsiri na aliyeeleza ni mgeni, na watoto wengi wa Lubumbashi hawajui kwamba andiko la babu zao lipo. Lakini inatufundisha kwamba jibu huweza kuandikwa kabla ya swali kufika, na kwamba lililoandikwa nyumbani kwa ukweli hupata njia yake.

Tufanye nini?

Tusikae kuwalaumu Wafaransa. Nyumba ni yao, mlango wameufungua, na chakula kilichowekwa mezani ni kizuri. Anayealikwa kula hamwambii mwenyeji ahamishe jiko. Kazi iliyobaki ni yetu.

Kazi ya kwanza ni kusikiliza pamoja. Mega ya mtu mmoja ni ghali, mega ya watu ishirini ni nyepesi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika parokia nyingi kuna sala ya mikutano, kuna kikundi cha vijana, kuna walimu wa sekondari wanaojua Kifaransa vema. Mmoja achukue somo na kuliweka ndani ya telefone siku umeme upo. Siku ya mkutano lisikilizwe vipande vipande, si saa nzima kwa mara moja. Baada ya kila kipande mwalimu aeleze kwa Kiswahili lililosemwa. Hapo ndipo tutakapoona kama tumeelewa, maana maneno mengi ya Kifaransa tunayatamka bila kuyameza. Jaribuni kusema kwa Kiswahili uumbaji wa sanaa, au fasihi ya taifa, mbele ya mama anayeuza unga: mara moja mtajua kama wazo lina mifupa au ni upepo.

Kazi ya pili ni kujibu. Kikundi kisiondoke bila kuuliza: katika haya, lipi ni kweli kwetu? Lipi si kweli? Lipi tunalijua ambalo profesa hakulisema? Wazee wapewe neno la kwanza, hata wasiojua Kifaransa. Majibu yaandikwe katika daftari kwa lugha waliyoisema wenyewe, kama André Yav na wenzake walivyofanya. Daftari lile ni mali. Padri wa parokia alihifadhi pamoja na vitabu vya ubatizo, maana lile nalo ni kitabu cha majina na cha uzima wa watu.

Kazi ya tatu inazihusu universite zetu wenyewe, za Lubumbashi, Bukavu, Kinshasa, Kisangani na nyinginezo. Zinao maprofesa wanaojua mambo haya, na wengine wanayajua kuliko watu wa Paris. Nazo ziweke masomo yao wazi. Lakini zisiige desturi ya Ulaya bila kuitazama. Ziige siku ya Januari 1960: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, swali moja la kweli, na kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho. Saa moja ya namna hiyo kwa Kiswahili, kwa Kilingala au kwa Tshiluba, ingefundisha kuliko masomo kumi ya mtu anayesema peke yake.

Hukumu yetu juu ya masomo ya Mabanckou ni hii. Ni kazi ya mtu mwenye akili na moyo, yafaa isikilizwe, hasa na walimu wa sekondari wanaofundisha fasihi. Inakosa lugha zetu, na inakosa sauti ya anayesikiliza. La kwanza ni la mwalimu na mpaka aliouchagua. La pili tunaweza kulitengeneza sisi wenyewe, tena bila kuomba ruhusa kwa mtu. Parokia itakayoanza, ituandikie. Tutachapa majibu yake katika kurasa hizi, kwa Kiswahili chake mwenyewe.